Pata Potea: Kiinimacho cha Vitu vya Mfukoni katika Miji ya Jinja na Mbale

Historia ya mashariki mwa Uganda imezoea kuandikwa kwa vitu vikubwa. Jinja ina bwawa la Owen Falls, daraja la reli juu ya Mto Nile na viwanda vyake. Mbale ina kahawa ya Mlima Elgon, chama chake cha ushirika, na jina la Semei Kakungulu aliyeuanzisha mji huo mwanzoni mwa karne ya 20. Katika insha hii nashuka hadi kwenye vitu vinavyoenea kiganjani: sarafu, kijiti cha kiberiti, kifuniko cha soda, uzi, karata tatu. Kwa vitu hivi watu wa miji hii miwili wamechekeshwa, wameibiwa, na wengine wameshukiwa kuwa wachawi. Swali langu ni hili: kwa nini ustadi uleule wa mkono ukionyeshwa kwenye uwanja wa shule huitwa mazingaombwe, ukionyeshwa stendi huitwa wizi, na ukionyeshwa kijijini na mtu asiyependwa huitwa uchawi?

Nianze na maneno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na maneno ndiyo kumbukumbu yetu ya kwanza. Kiini cha jicho ni ile sehemu nyeusi ya katikati inayoonea. Neno kiinimacho kwa hiyo halisemi kwamba kitu kimegeuka. Linasema kwamba jicho limechezewa. Mazingaombwe nalo lina ombwe ndani yake, yaani nafasi tupu, pasipo na kitu. Waganda, ambao lugha yao inasikika sana Jinja, wana neno bufuusa, lenye shina moja na kitenzi cha kugeuza kitu kuwa kingine. Tofauti hiyo naiona kubwa. Luganda linaweka mageuzi ndani ya kitu, Kiswahili kinayaweka ndani ya mtazamaji. Msomaji Mwislamu atakumbuka kwamba katika sura ya Al-A'raf, wachawi wa Firauni walipotupa kamba na fimbo zao mbele ya Musa, walichokiroga kilikuwa macho ya watu. Sidai kwamba neno letu limetoka huko moja kwa moja, lakini wazo hilo lilikuwa tayari pwani kabla ya reli kufika kwetu.

Ushahidi wa maandishi wa mapema unaolihusu eneo letu unamhusu Mzungu mwenye meno ya bandia. Mnamo Machi 1883 Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 25 aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London, aliondoka Mombasa na msafara wa wapagazi akipitia nchi ya Wamaasai kuelekea Ziwa Viktoria. Desemba ya mwaka huo alifika ufuoni, karibu na Busoga, lakini hakuendelea hadi mahali Nile inapotokea. Aligeuka akaenda kwenye mapango ya Mlima Elgon, mlima uleule ambao Mbale imekaa chini yake upande wa magharibi. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885 anaeleza alivyojifanya laiboni mkubwa njiani. Vifaa vyake vilikuwa meno mawili ya bandia, ambayo aliyatoa na kuyarudisha kinywani mbele ya watu, na chumvi ya Eno, ile dawa ya tumbo inayochemka ikitiwa maji. Mwaka huohuo wa 1885 Rider Haggard alichapisha riwaya ambayo sisi tunaijua kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, na ndani yake yumo nahodha ambaye meno yake ya bandia yanawashangaza wenyeji. Hivyo kiinimacho cha dawa ya tumbo na meno kikawa hadithi ya kusomwa Uingereza, na baadaye kikarudi kwetu kwa Kiswahili.

Wasomaji wengi wa Thomson huishia kwenye kicheko. Mimi naona chanzo hiki kinahitaji kuhojiwa. Kwanza, anayesimulia ni mfanya kiinimacho mwenyewe, na hakuna mfanya kiinimacho anayesema kwamba watazamaji wake walimwona. Wamaasai waliosimama pale hawakuandika kitabu. Huenda walishangaa, huenda pia walimwacha mgeni afurahie mchezo wake huku wakidai ushuru wao wa kupita, na ushuru huo Thomson aliulipa kwa shanga, waya na nguo kama misafara mingine. Pili, hakijui Kimaasai. Kila kiinimacho kina maneno yake, na maneno ya Thomson yalipitia kwa wakalimani wa msafara, watu waliokuwa wamefanya biashara katika njia hizo na waliojua hofu na mizaha ya wenyeji kuliko yeye. Ukiwaondoa hao, kinachobaki ni kijana anayetoa meno kinywani. Kwa maoni yangu nusu ya sifa ya ulaiboni wake ilikuwa yao.

Ufaransa ilikuwa imekwisha kuutumia ujanja kama huo kwa makusudi ya serikali. Mwaka 1856 ilimtuma mwanamazingaombwe Robert-Houdin huko Algeria ili awaonyeshe watu kwamba nguvu za Wafaransa zinazidi zile za mashekhe wao. Alikuwa na kisanduku chepesi ambacho kiligoma kuinuliwa pale sumaku ya umeme ilipowashwa chini yake. Thomson hakuwa na serikali nyuma yake wala umeme wa kiasi hicho, na wala tusimpe ushindi asiokuwa nao. Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington alipitia njia hiyohiyo aliyoifungua Thomson, akauawa Busoga mnamo Oktoba 1885. Siasa za Buganda na Busoga zilikuwa na hesabu zake, na hazikuwa hesabu za meno.

Baada ya misafara ilikuja fedha, na hapa ndipo vitu vya mfukoni vinapoanza kusimulia mambo. Huwezi kuificha mbuzi kiganjani. Malipo yalipokuwa mbuzi, jembe au mafungu ya nguo, hakukuwa na nafasi kubwa ya mchezo wa mkono. Kauri zilikuwa ndogo, na jina lake, simbi, limedumu hadi leo, kwa kuwa kwa Luganda na Lusoga fedha bado ni ensimbi. Hata hivyo zilihesabiwa kwa nyuzi, mia kwa uzi, na kauri moja pekee ilikuwa haina thamani ya kumtoa mtu jasho. Mwaka 1901 serikali ya himaya iliacha kuzipokea kama kodi. Rupia ilishika nafasi, na kuanzia miaka ya 1907 na 1908 zikatolewa senti zenye tundu katikati ili ziweze kutungwa kwenye uzi. Rupia ikafuatwa na florini mwaka 1920, na muda si mrefu shilingi. Senti zenye tundu ziliendelea hadi enzi ya uhuru, mpaka Benki ya Uganda ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, ambazo hazikuwa na tundu.

Tundu lile dogo linafaa kutazamwa vizuri. Kuna kiinimacho cha kale sana cha shanga zilizotungwa kwenye nyuzi mbili: watu wawili wanashika ncha za nyuzi, mchezaji anafunika shanga kwa mkono, kisha zinaangukia kiganjani mwake na nyuzi zinabaki nzima. Mwingereza Reginald Scot alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1584. Siri yake ni kwamba nyuzi hazikupita moja kwa moja. Kila mmoja umekunjwa katikati na kurudi upande wake, na mikunjo hiyo miwili imeshikwa pamoja kwa kiuzi chembamba ndani ya tundu la shanga. Ukivuta, kiuzi kinakatika. Senti yenye tundu inafanya kazi ileile bila kubadilisha chochote, na tofauti ni kwamba shanga ni pambo wakati senti ni kodi ya kichwa, chumvi na sabuni. Mtu akiona senti yake imetoka kwenye uzi bila uzi kukatika, ni haki yake kuuliza kama iko salama hata ikiwa ndani ya kibindo.

Karata zina safari nyingine, na safari hiyo imeandikwa kwenye msamiati wetu. Neno karata ni la Kireno. Kopa, uru, shupaza na hata turufu ni maneno ya Kireno yaliyolainishwa na ulimi wa Mswahili. Wareno walijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Waliondoka, mchezo ukabaki barazani. Kutoka pwani hadi kwetu njia ikawa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, na kutoka hapo meli zilivuka ziwa hadi Jinja. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kuu iliyopitia Tororo ilikuwa imefika Jinja kwa upande mmoja na Mbale kwa upande mwingine, na mwaka 1931 treni zilivuka daraja la Nile hadi Kampala. Abiria, makarani, askari na vibarua waliosafiri katika njia hiyo walikuwa wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ndani ya behewa ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana hata leo, katika miji ambayo nyumbani watu huzungumza Lusoga, Luganda au Lumasaba, maneno ya mchezo wa karata stendi yanakuja kwa Kiswahili.

Mchezo huo unaitwa pata potea. Wengine huuita karata tatu, na baadhi ya wachezeshaji hutumia vifuniko vitatu vya soda badala ya karata. Jina la kwanza ndilo bora, na sarufi yake inastahili dakika moja. Kinyume cha kawaida cha kupata, kwa mtu aliyekosa fedha yake, ni kupoteza: mimi nimepoteza, wewe umepoteza, yupo mtendaji. Mchezo haukuitwa pata poteza. Umeitwa pata potea, na kitu kinachopotea kinapotea chenyewe, bila mkono wa mtu. Kosa la mchezeshaji limefutwa ndani ya kitenzi kabla karata haijalazwa mezani. Sijawahi kusoma jina la wizi lililotungwa kwa ustadi zaidi.

Namna unavyofanyika si siri tena, na nadhani ni wajibu kuieleza. Mchezeshaji ana karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu, zimekunjwa kidogo kwa urefu ili ziwe na mgongo na zishikike kwa ncha za vidole. Mkono mmoja unashika karata mbili, moja juu ya nyingine, na ile ya chini inaonyeshwa kuwa ndiyo nyekundu. Anapoitupa mezani, jicho linajua kwamba ya chini ndiyo itakayoanguka kwanza. Yeye anaiachia ya juu. Baada ya hapo mzunguko wa karata mezani hauna maana yoyote, maana mtazamaji anafuatilia karata isiyo sahihi kwa uangalifu mkubwa. Kadiri anavyokuwa makini ndivyo anavyokosea kwa uhakika. Katika mchezo wa vifuniko, kinachofichwa ni kidonge cha karatasi au kipande cha sponji ya godoro. Kifuniko kikisukumwa mbele, kidonge laini kinatokea nyuma na kushikwa kati ya vidole, na kutoka hapo kinaweza kuingizwa chini ya kifuniko chochote. Warumi walicheza hivyo kwa vikombe na vijiwe. Mwanafalsafa Seneca anavitaja katika barua zake kama mfano wa udanganyifu usio na madhara, unaopendeza kwa sababu hujui umefanyikaje. (Jinja, kwa njia, ni jina linalotokana na mawe.)

Lakini mkono ni sehemu ndogo tu ya pata potea. Kazi kubwa inafanywa na wapambe. Wanne au watano kati ya watu wanaokizunguka kibao ni wa mchezeshaji: mmoja anashinda mara mbili kwa kelele, mwingine anapoteza kwa upumbavu ulio wazi ili wewe ujione una akili, wa tatu anakunja pembe ya karata nyekundu mchezeshaji akiwa amegeuka na kukukonyeza. Pembe iliyokunjwa ndiyo ndoana yenyewe. Mchezeshaji ataikunjua na kukunja pembe ya karata nyeusi kwa mwendo uleule wa kuzitupa, na wewe utaweka fedha zote ukiamini kwamba unamwibia mwizi. Wa mwisho anapiga kelele kwamba polisi wanakuja, watu wanatawanyika, na kibao kinapotea.

Kwa nini stendi, na kwa nini miji hii? Jibu langu ni mshahara na mavuno. Pamba ilianza kuenezwa Uganda kwa ajili ya kuuza nje mwaka 1903, na Busoga ikawa moja ya nchi zake kubwa. Mkulima wa pamba alipata fedha yake kwa mkupuo, katika msimu mmoja. Kahawa ya Bugisu ilifuata mwendo huohuo, na chama cha ushirika cha Bugisu kikaundwa mwaka 1954. Jinja ilipata kitu kingine: watu wengi wageni wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kazi ya bwawa iliendelea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi Malkia Elizabeth alipolifungua Aprili 1954, na baada ya umeme vilikuja viwanda vya nguo, bia upande wa Njeru na vingine. Cyril na Rhona Sofer walichapisha mwaka 1955 utafiti juu ya mji huo uliobadilika, wakionyesha watu walivyokuja kutoka pande nyingi. Mchezo wa pata potea unahitaji hasa watu wa namna hiyo: wenye noti mfukoni, wasiofahamiana, wenye saa moja ya kungoja gari. Kijijini haufanyi kazi, kwa kuwa kijijini kila mmoja anamjua mpambe kuwa ni mtoto wa nani. Na Mbale, mbali na stendi, kuna msimu wa imbalu. Kila Agosti ya mwaka wa namba shufwa vijana wa Kimasaba wanatahiriwa hadharani na umati unafuata ngoma ya kadodi kutoka kijiji hadi kijiji. Penye umati wa furaha na wageni, kibao cha karata hakiko mbali.

Hata kiberiti kina mahali pake. Jinja ilikuwa na kiwanda chake cha viberiti, na kijiti kimoja kilitosha kwa kiinimacho kinachopendwa na wazee: unakifunga kijiti ndani ya leso, unamwombe mtu akivunje akiwa anakishika kwa juu ya kitambaa, anakisikia kikivunjika, unaifungua leso na kijiti ni kizima. Aliyevunjwa ni kijiti cha pili kilichokuwa ndani ya pindo tangu mwanzo. Hiki kinafanyika sebuleni, kwa wajukuu. Hakuna anayeweka fedha mezani, na hakuna anayemwita babu mwizi.

Kati ya sebule na stendi kulikuwa na mwanamazingaombwe wa shule. Wazazi wetu wengi waliosoma shule za msingi wanamkumbuka: mtu mwenye sanduku aliyekuja kwa idhini ya mwalimu mkuu, kila mtoto akitoa kiingilio kidogo, akatoa utepe mrefu kinywani, akatafuna wembe, akageuza karatasi kuwa noti. Swali la watoto lilikuwa lilelile kila mahali: kama anaweza kutengeneza noti, kwa nini anatutoza kiingilio? Ninaliona swali hilo kuwa elimu nzuri kuliko masomo kadhaa tuliyopewa siku hizo. Lakini kulikuwa pia na watoto waliokimbia, na wazazi waliokuja kulalamika kwamba mwalimu ameleta mchawi shuleni. Mtu yule alifanya jambo lililokuwa wazi, kwa malipo yaliyojulikana, na bado hakuwa salama kabisa.

Sheria haikumsaidia sana. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1950 ina kosa la kupata mali ya mtu kwa hila au ujanja, na hilo linamgusa mchezeshaji wa pata potea barabara. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 ni jambo jingine. Inasema uchawi haujumuishi ibada ya kweli ya mizimu wala utengenezaji wa kweli wa dawa za kienyeji. Yaani inaeleza uchawi si nini, na inamwachia hakimu kazi ya kujua uchawi ni nini. Katika kesi ya Salvatori Abuki, mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ilikataa adhabu ya kumfukuza mtu nyumbani kwake chini ya sheria hiyo, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 1999. Kesi hiyo haikuhusu mazingaombwe. Naitaja kwa sababu inaonyesha hatari ya kosa lisilo na mipaka: ustadi wowote ambao jirani haulewi unaweza kuingizwa humo.

Hapa ndipo Reginald Scot anaporudi. Kitabu chake hakikuandikwa ili kufundisha mizaha. Uingereza ya wakati wake iliwahukumu watu, hasa wanawake maskini na wazee, kwa uchawi, na Scot alitaka kuonyesha kwamba mambo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kishetani yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye sarafu, shanga na mazoezi. Ndiyo maana alieleza jinsi ya kuficha sarafu: mkono wa kulia unaonekana kuiweka katika mkono wa kushoto, macho yanaufuata wa kushoto, na sarafu imebaki kulia. Ukishajua hivyo, mwenye kufanya hivyo anakuwa fundi tu.

Kwetu, wasiojua wanatozwa mara mbili. Mtoto wa shangazi yangu alipoteza ada ya muhula mzima kwenye stendi moja katika njia ya Jinja na Mbale, mbele ya kibao cha karata. Alipofika nyumbani hakusema kwamba alicheza. Alisema kuna mtu aliyemshika bega na kumpulizia dawa, akajikuta anatoa fedha mwenyewe. Shangazi alimwamini, na mjomba pia. Nilipomweleza shangazi juu ya karata ya juu na ya chini, alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe umesoma, lakini mtu mwenye akili timamu hawezi kutoa ada yake yote hivi hivi." Wakamlipa mganga amsafishe kijana, na malipo hayo hayakuwa mbali sana na ada yenyewe. Nimeelewa kwa nini maelezo ya dawa yanapendwa. Yanamwondolea kijana aibu ya tamaa, yanamwondolea mama aibu ya kumlea, na yanamwacha mchezeshaji akiwa na sifa ya nguvu asizokuwa nazo. Neno potea limefanya kazi yake hadi jikoni mwa shangazi: hakuna aliyepoteza, fedha zimepotea.

Kwa hiyo narudi kwenye swali la mwanzo nikiwa na jibu lisilonyooka. Mkono ni uleule. Kinachotenganisha mazingaombwe na wizi ni mapatano: mwanamazingaombwe anakuambia kabla kwamba atakudanganya na bei yake ni kiingilio, lakini mchezeshaji wa karata anakuambia kwamba mchezo ni wa haki. Kinachotenganisha vyote viwili na uchawi hakimo mkononi wala kwenye mapatano. Kimo katika uhusiano wa mtu na jirani zake, na kimekuwa hivyo tangu zamani za laiboni wa bandia. Thomson, aliyekuwa na bunduki na wapagazi, aliitwa mganga mkubwa na akaandika kitabu. Mjane wa kijijini akionyesha ustadi kama huo hana pa kuandika.

Kuna tuhuma moja zaidi ambayo msomaji wa Uganda atakuwa anaingojea, kwamba Kiswahili chenyewe ndicho lugha ya wezi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, askari wake walikitumia kwenye vizuizi vya barabara, na watu wa kizazi hicho hawakusahau. Wengine wanaongeza karata za stendi kama ushahidi wa pili. Historia niliyoieleza inasema tofauti kidogo. Mchezeshaji alichagua Kiswahili kwa sababu ileile iliyomfanya mwuza tiketi, mpagazi na mwuza chai wakichague: kilifika kwa abiria wote. Na ni Kiswahili hichohicho, si lugha nyingine ninayoijua hapa, kilichokuwa na neno linalomwambia mwathiriwa ukweli, kwamba kilichochezewa ni jicho lake.

Vitu vinaendelea kubadilika. Sarafu ya shilingi 500 yenye korongo ni kubwa na nzuri kwa mazoezi, na vijana wa Mbale karibu na mnara wa saa huigeuza juu ya vifundo vya vidole wakingoja abiria wa bodaboda. Wachezeshaji wa vibao nao wamepungua kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2009 fedha zimekuwa zikitumwa kwa simu, na fedha ya simu haikunjiki wala haiingii kwenye pindo la leso. Badala yake unaingia ujumbe unaosema kwamba umetumiwa fedha kwa makosa, na dakika mbili baadaye mtu anapiga simu akilia, mama yake yuko hospitali, tafadhali zirudishe. Halafu anapiga wa pili, anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni, anathibitisha yote. Huyo wa pili ndiye mpambe, na maneno bado mara nyingi ni ya Kiswahili.